Mwenye Bomba Ndiye Mwenye Bia

Mto Lea unashuka kutoka Hertfordshire, unapita Enfield na Edmonton, unaambaa Tottenham na Walthamstow, kisha unaingia mto Thames karibu na Blackwall. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi kaskazini mwa London wanalijua bonde hili kwa mabohari yake, kwa mtambo wa kuchomea taka wa Edmonton na kwa mabwawa makubwa ya maji ya kunywa. Wachache wanalijua kama bonde la bia. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi biashara ya bia ndogondogo ilivyopanda na inavyoyumba sasa nchini Uingereza hana haja ya kuzunguka nchi nzima. Atembee tu kandokando ya maji haya.

Upande wa kaskazini wa Edmonton, kwenye eneo la viwanda la Enfield, kampuni ya Camden Town Brewery ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 2017. Pale jirani, Ponders End, Beavertown ilianza kupika mwaka 2020 katika kiwanda ilichokiita Beaverworld. Kusini, Tottenham, Redemption ilianza mwaka 2010 na Beavertown yenyewe ilihamia huko mwaka 2014. Walthamstow, ng'ambo ya mabwawa, kuna kundi la viwanda vidogo kando ya Blackhorse Lane, na kimojawapo, Beerblefish, kiliwahi kuwa hapahapa Edmonton, katika vibanda vya viwanda vya Barabara ya Harbet. Edmonton yenyewe imekaa katikati, kitongoji cha Waturuki, Wasomali, Waghana, Wakongo, Wakenya na Watanzania, chenye kodi ya pango ambayo kwa muda mrefu ilikuwa nafuu kuliko ya Hackney au Islington. Unafuu huo ndio ulioleta matangi ya chuma hadi huku.

Nilikwenda kwenye kimoja cha viwanda hivi na marafiki Jumamosi moja mchana. Mmoja ni Mchaga wa Kibosho anayeendesha lori la mizigo, mwingine ni dada wa Nakuru ambaye ni muuguzi, na wa tatu ni kijana wa Mombasa asiyekunywa pombe aliyekuja kwa sababu anafanya kazi ya uhasibu na alitaka kusikia hesabu. Kiwanda tulichokitembelea sitakitaja kwa jina, kwa kuwa mwenyewe alitufungulia vitabu vyake akitegemea kwamba hayo yatabaki ya jumla. Ni bohari lenye mlango wa kukunja, meza ndefu za mbao, bomba kumi hivi ukutani, na nyuma ya kamba moja tu ndipo kazi inapofanyika. Mnywaji anaona kila kitu.

Shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, husagwa kidogo na kulowekwa katika maji ya moto. Yale maji matamu yanayotoka humo rafiki yetu wa Kibosho aliyaonja kwa kijiko na kusema papo hapo kuwa ni togwa. Hakukosea. Maji hayo huchemshwa pamoja na maua ya hopsi, ambayo huleta uchungu na harufu, yakapozwa, yakatiwa hamira, yakaachwa yachache. Machicha yanayobaki huchukuliwa na mfugaji. Dada wa Nakuru aliuliza anayachukua kwa bei gani, akajibiwa kwamba huchukuliwa bure, maana kuyatupa kungegharimu zaidi. Ng'ombe wa Nakuru, alisema, wangeyagombania.

Tuliletewa ubao wa kuonjea: glasi ndogo tano, kila moja theluthi ya painti. Tulianza na bia hafifu ya asilimia 3, tukaenda kwenye laga, kisha bia ya hopsi nyingi yenye harufu ya maembe na machungwa, kisha bia nyeusi inayoacha ladha ya kahawa ulimini. Mwisho ilikuja bia chachu iliyotiwa matunda, na hiyo ndiyo iliyozua mjadala mezani. Dada wa Nakuru aliisukuma pembeni. Mchaga aliishika na hakuiachia. Alieleza jinsi mbege inavyopikwa: ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu. Mpishi alisimama akamsikiliza hadi mwisho. Msesewe unafanya kazi ileile ya hopsi, na bia chachu ambayo London inauzwa ghali kama kitu kipya, mlimani Kilimanjaro ni kinywaji cha arusi na matanga tangu mababu. Kijana wa Mombasa alipewa bia isiyo na kilevi. Sehemu hiyo ya soko inakua, na hukohuko bondeni, Leyton, kuna kampuni ya Nirvana iliyojengwa juu ya bia za aina hiyo peke yake.

Baada ya kuonja tuliingia kwenye hesabu.

Bia ndogo nchini Uingereza ilizaliwa upya kwa sheria ya kodi. Mwaka 2002 Gordon Brown, wakati huo waziri wa fedha, alianzisha ushuru wa ngazi: kiwanda kisichozidi hektolita 5,000 kwa mwaka, sawa na painti karibu 880,000, kililipa nusu tu ya ushuru wa bia. Kabla ya hapo London, jiji lililowahi kuilisha dunia bia nyeusi, lilikuwa limekauka. Truman's ya Brick Lane ilifungwa mwaka 1989, na hata baada ya nafuu kuanza, Young's nayo iliondoka Wandsworth mwaka 2006. Viwanda vilivyobaki jijini vilihesabika kwa vidole. Nafuu ile, pamoja na vijana waliokuwa wameonja bia za Marekani na kutaka kuzipika nyumbani, ilibadili mambo kwa kasi: Kernel ikaanza mwaka 2009, Camden Town na Redemption mwaka 2010, Beavertown mwaka 2011 katika jiko la mkahawa wa nyama choma. Miaka michache baadaye London ilikuwa na viwanda zaidi ya mia moja.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ukivuka hektolita 5,000, nafuu ilipungua haraka kiasi kwamba kukua kulionekana kama adhabu, na wapishi wengi walisimama makusudi mlangoni pa kikomo hicho. Mnamo Agosti 2023 serikali iliubadili. Ushuru wa vinywaji vyote vya kilevi sasa unapimwa kwa kiasi cha kilevi halisi kilichomo, nafuu ya wazalishaji wadogo inashuka polepole zaidi, na bia inayouzwa kwa bomba kutoka kwenye kegi au pipa kubwa inalipa pungufu kuliko ya kopo au chupa. Viwango vilivyoanza mwaka huo vilikuwa pauni 21.01 kwa lita ya kilevi halisi kwa bia ya kawaida ya kopo, na pauni 19.08 kwa ya bomba. Kwa painti ya asilimia 4.5 ilikuwa kama peni 54 na peni 49. Bia iliyo chini ya asilimia 3.5 ilitozwa pauni 9.27 tu kwa ya kopo, na pauni 8.42 kwa ya bomba. Hapo ndipo kampuni kubwa zilipogundua fadhila za bia hafifu: Carlsberg ikashusha laga yake ya kawaida hadi asilimia 3.4. Painti ya bomba ya asilimia 3.4 ililipa kama peni 16, na ya asilimia 3.5 ikalipa peni 38. Kwa anayepika mamilioni ya painti, sehemu moja ya kumi ya asilimia ni fedha nyingi mno.

Sasa chukua kegi ya lita 30. Inatoa painti zipatazo 52. Tuseme mwenye kiwanda anaiuza kwa baa kwa pauni 100, na baa inauza painti kwa pauni 6. Wanywaji wote kwa pamoja wanaleta pauni 312. Ukitoa kodi ya ongezeko la thamani, inabaki pauni 260. Katika hizo, mpishi amepata 100, na ndani ya 100 hiyo atoe shayiri, hopsi, gesi, mishahara, pango, usafiri na ushuru. Lakini kegi ileile akiifungua kwenye bomba lake mwenyewe, mbele ya meza zake mwenyewe, zile 260 zote zinaingia kwake, japo lazima amlipe mhudumu na kuosha glasi. Kijana wa Mombasa aliiandika hesabu hii kwenye simu yake, akaigeuza huku na huku, kisha akatamka kile ambacho mwenye kiwanda alikuwa anakizunguka: hiki si kiwanda chenye baa, hii ni baa yenye kiwanda.

Nakubaliana naye, na ndiyo hoja ninayoitetea hapa. Katika bia ndogo, anayepika vizuri hana uhakika wa kuishi. Anayeshika bomba ndiye anayeishi. Bonde la Lea limetoa ushahidi huo kwa zaidi ya karne mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1700, George Hodgson alikuwa na kiwanda huko Bow, kando ya mto huuhuu, karibu na gati la Blackwall ambako meli za Kampuni ya Mashariki ya India zilipakia. Hakuwa mpishi pekee hodari London. Alichokuwa nacho ni ujirani na manahodha, na mkopo wa hadi miezi 18, yaani walilipa wakirudi. Ndiyo njia ambayo bia iliyokuja kuitwa India Pale Ale ilifika Bombay na Calcutta. Warithi wake walipokaza masharti ya mkopo na kutaka kuishika biashara yote ya usafirishaji, katika miaka ya 1820 wafanyabiashara wakawageukia wapishi wa Burton. Bow ikaporomoka, ingawa bia yake haikuwa imeharibika.

Leo gati la Blackwall limehamia kwenye baa za mitaani. Baa nyingi za Uingereza zimefungwa kwa mikataba: mwenye jengo ndiye anayeamua bia gani ipite kwenye bomba. Sheria ya mwaka 1989 ilizitaka kampuni kubwa za bia kuzifungua kutoka kwenye mfungo huo nusu ya baa zao zilizozidi 2,000. Matokeo yake baa zilihamia kwa kampuni za majengo, na mfungo ukaendelea kwa jina jingine. Heineken pekee ina baa karibu 2,400 kupitia kampuni yake ya Star Pubs. Mpishi mdogo wa Edmonton anaweza kuwa na bia tamu kuliko zote katika mtaa wake na bado asipate bomba hata moja katika barabara anayoishi.

Kwa mtazamo huo, kuuzwa kwa majina makubwa ya bonde hili kunaeleweka. Camden Town ilinunuliwa na kampuni kubwa ya kimataifa ya bia, AB InBev, mwishoni mwa mwaka 2015, na kiwanda cha Enfield kikafuata. Beavertown ilichukua fedha za Heineken mwaka 2018 kwa hisa zisizofikia nusu, pauni milioni 40 zilizokusudiwa kujenga kiwanda kipya. Wapishi wenzao kadhaa wakajitoa katika tamasha lao la mwaka huo kwa hasira. Mwaka 2022 Heineken ikachukua kampuni nzima. Siwalaumu waasisi. Anayeyajenga matangi ya ukubwa ule anahitaji maelfu ya mabomba, na maelfu ya mabomba yalikuwa mikononi mwa watu wachache. Matokeo unayaona hata ukienda kutazama mpira: uwanja wa Tottenham Hotspur uliofunguliwa mwaka 2019, mwendo mfupi kusini mwa Edmonton, una kiwanda kidogo cha Beavertown ndani yake, na mashine zinazojaza glasi kwa kupitisha bia kwenye tundu la kitako, ili foleni za mapumziko zipungue. Kaunta ya baa moja kule ina urefu wa mita 65. Hakuna kiwanda kidogo kinachoweza kuingia mlango huo bila kubebwa.

Wanaobaki huru wanaumia. Chama cha wapishi huru, SIBA, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilihesabu kwamba viwanda nchini vilipungua kwa kama 100 katika mwaka 2024 peke yake. Bei ya nishati ilipanda baada ya vita vya Ukraine, madeni ya wakati wa korona yakaiva, na wanywaji wenye mifuko mitupu wakabaki nyumbani. Kuna la pango pia. Viwanda vingi vya London vilianzia chini ya madaraja ya reli. Mwaka 2019 shirika la Network Rail liliuza matao hayo kwa wawekezaji kwa pauni bilioni 1.46, na wapangaji wakaanza kuletewa kodi mpya. Huku Edmonton shinikizo linatoka kwingine. Halmashauri ya Enfield inajenga mtaa mpya wa Meridian Water, mpango wa nyumba 10,000 hivi, ulioanza kupata uhai baada ya stesheni yake kufunguliwa mwaka 2019. Nyumba zinahitajika, familia za Kiafrika zilizobanana katika vyumba vya Edmonton Green zinalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini ardhi ya viwanda ikigeuka ya makazi, mwenye tangi hupandishiwa pango au huondolewa, na jirani mpya wa ghorofani hulalamikia harufu ya kimea kinachochemka.

Na kuuzwa kwa kampuni kubwa si kinga. Meantime ya Greenwich, mojawapo ya viwanda vilivyofungua njia London tangu mwaka 1999, iliishia mikononi mwa Asahi ya Japani, na mwaka 2024 Asahi ikatangaza kuufunga mtambo wa Greenwich na kuhamishia upishi Chiswick. Msomaji wa Nairobi na Dar es Salaam alishike jina la Asahi. Mwezi Desemba 2025 Diageo ilitangaza makubaliano ya kuiuzia Asahi hisa zake asilimia 65 za East African Breweries, kampuni inayotengeneza Tusker na iliyo nyuma ya Serengeti. Kenya Breweries, chimbuko la kampuni hiyo, ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu Hurst, ikapeleka kreti zake za kwanza hoteli ya Stanley. Mauzo hayo yakikamilika, maamuzi yake makubwa yatakuwa yanapita Tokyo. Tanzania Breweries nayo iko chini ya AB InBev tangu 2016. Kwa hiyo wamiliki wanaoibana bia ndogo ya London ndio haohao wanaoshika soko letu, na kwetu wanalishika kwa nguvu zaidi, maana friji nyingi za baa zimeletwa nao na zina nembo zao.

Kenya imeanza kuchukua hatua, na inastahili kusifiwa. Marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yaliiga wazo la kupima kilevi halisi: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi kwa bia ya kawaida, na shilingi 10 kwa mpishi mdogo huru mwenye leseni. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 4.2 inalipa shilingi 47.25 ikitoka kiwanda kikubwa, na shilingi 21 ikitoka kwa mdogo. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko ile ya Gordon Brown. Wapishi kama Bateleur na 254 wa Nairobi na Sirville wa Gilgil wana sababu ya kupumua. Hatari iko kwenye kuyumba. Kenya ilishawahi kuipa nafuu bia ya Senator kuanzia 2004, na ilipokuja kupikwa kwa mtama ikawavuta wakulima wengi kwenye zao hilo, kisha mwaka 2013 serikali ikaitoza ushuru ghafla; mauzo yakaporomoka na mkulima akabaki na magunia. Mwenye tangi hulipa mkopo kwa miaka mingi. Sheria inayobadilika kila bajeti inamuua haraka kuliko ushuru mkubwa unaotabirika.

Tanzania ina nafuu kwa bia ya nafaka za ndani zisizooteshwa, ambayo ni nzuri kwa mkulima, lakini haina ngazi ya wazi inayomtenga mpishi mdogo na jitu. Arusha, Banana Investments imeonyesha kwa miaka mingi kwamba pombe ya ndizi inaweza kuingia kwenye chupa, ikapimwa na kulipiwa kodi. Dar es Salaam, Crafty Dee's imeonyesha kwamba wapo wateja wa bia ya kupikwa mbele ya macho yao. Kati ya hao wawili kuna pombe za kienyeji kama mbege, komoni, rubisi na denge, zinazopikwa na maelfu ya kina mama kwa ufundi wa hali ya juu, bila njia ya kisheria wanayoimudu ya kuvuka kutoka kibandani hadi kwenye kegi. Rafiki yetu wa Kibosho anaijua kazi hiyo kwa sababu mama yake aliwasomesha kwayo.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda Dodoma, kwa wanaoandaa bajeti. Wekeni ngazi ya ushuru kwa mpishi mdogo, iandikwe kwenye sheria kwa miaka kumi, nayo ishuke polepole kadiri anavyokua ili asiogope kukua. Mpeni leseni moja inayomruhusu kupika na kuuza mahali pamoja, kwa kipimo cha afya kinachofahamika na kwa bei anayoimudu mama wa Kibosho. Pigeni marufuku mikataba ya friji inayomkataza mwenye baa kuuza bia ya jirani yake. Na wewe msomaji unayefikiria kuweka akiba yako katika biashara hii, iwe Moshi, Mombasa au Edmonton, tafuta kwanza meza, wateja na bomba lako mwenyewe. Tangi la pili linunue baadaye.